Spika za mzee msizipeleke kwa chuma chakavu, badilisheni mashine tu

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua huku watu wanaandika zaidi kuhusu barabara na maji, mi leo nina la muziki, tena sio la wanamuziki, ni la vyombo vya kusikilizia nyumbani, maana naona kuna hasara inafanyika kwenye nyumba zetu na hakuna anayeisema.

Huku kwetu Tanga kila asubuhi wanapita vijana wa vyuma chakavu na mikokoteni yao, na siku hizi juu ya mabati na fremu za baiskeli huwa naona maboksi ya spika. Sio hivi vya plastiki, yale ya mbao ya miaka ya 80 na 90, Technics, Pioneer, Kenwood, Sansui, vitu ambavyo mzee wa watu aliagiza Uarabuni au alinunua kwa baharia na akavilipa kidogo kidogo mwaka mzima, leo vinapimwa kwa kilo. Vikifika kule vinapasuliwa, sumaku huku, koili ya shaba huku, boksi linakuwa kuni. Ukimuuliza mwenye nyumba anakwambia redio ilikufa zamani bwana, tumeshanunua sabufa.

Redio ilikufa kweli, sikatai. Lakini spika haikufa, na hapo ndo watu wanachanganya, wanaona mashine haiwaki wanatupa mpaka kile ambacho hakina ugonjwa.

Tuangalie nini hasa kinakufa. Kwenye zile mashine za zamani kapasita (vile vidude vinavyotunza chaji) zinakauka zenyewe hata kama redio imekaa tu kabatini, transifoma inaungua siku umeme unaporudi na nguvu, lensi ya CD inachoka, mikanda ya raba ya deki ya kaseti inayeyuka inakuwa lami kabisa ukiigusa mikono inakuwa myeusi. Zile IC (chipu za kukuza sauti) za STK za Sanyo zilizokuwa zinaendesha nusu ya redio za mtaani, ukienda kuitafuta leo unaweza kuuziwa feki, inapiga wiki inakufa na saa nyingine inaondoka na spika. Kwa hiyo fundi akikwambia hii haitengenezeki, au inatengenezeka ila gharama ni kubwa kuliko kitu chenyewe, mara nyingi anasema kweli, msimtukane.

Spika yenyewe sasa ina nini? Koni ya karatasi, sumaku, koili, na boksi la mbao nene lenye hewa ya kutosha ndani. Ile sumaku utaiacha wewe na wajukuu wako wataikuta. Kinachooza ni ule ukingo wa sponji unaozunguka koni, na huku pwani kwa joto na unyevu unaoza haraka, unaugusa unakuwa unga. Watu wakiona hivyo wanajua spika imekwisha. Haijaisha, ringi mpya zinauzwa kwa saizi, inchi 6, 8, 10, unakwangua ya zamani taratibu, unapaka gundi, unaweka koni katikati koili isiguse kuta, unasubiri ikauke. Kazi ya jioni moja na uvumilivu. Zenye ukingo wa raba au kitambaa mara nyingi hata hazihitaji hilo.

Kabla hujaiuza ipime. Chukua mita, weka kwenye ohm, spika iliyoandikwa ohm 8 itakusomea kama 6 hivi na ya ohm 4 itakusomea 3 na kitu, ikisoma hivyo koili ni nzima. Mita huna? Chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, koni itaruka kwenda mbele na utasikia tap. Ikirudi nyuma ujue waya zimegeuzwa, na hilo liandike pembeni maana lina kazi yake huko mbele. Ila hapo umepima wufa tu, ile spika kubwa ya besi, maana twita, ile ndogo ya sauti nyembamba, ina kapasita kwenye njia yake na mita haitakusomea kitu mpaka uende moja kwa moja kwenye miguu ya twita yenyewe, watu wengi wanaishia hapo wanasema twita imekufa kumbe nzima.

Na hiyo kapasita ya twita ibadilishe tu, usijiulize mara mbili. Kazi yake ni kuzuia besi isiende kwenye twita, na zile za zamani za elektroliti, zenye majimaji ya kemikali ndani, zikizeeka thamani yake inahama. Hesabu yake sio ngumu, twita ya ohm 8 unayotaka ianze kupiga kwenye hezi 3000 hivi inataka kama maikrofaradi 6.6, dukani utapata 6.8, chukua ya filamu haikauki. Kama boksi lilikuja na yake soma namba iliyoandikwa uweke ileile, usijifanye injinia kuliko Mjapani aliyeipima.

Sasa mashine. Hapa ndo dunia imebadilika na watu wengi hawajapata habari. Amplifaya (mashine inayokuza sauti na kuendesha spika) za zamani nusu ya umeme uliokuwa unaingia ulikuwa unaishia kuwa joto, ndo maana zilikuwa na yale mabati makubwa ya kupozea na transifoma zito la chuma. Siku hizi kuna aina inaitwa daraja D, yenyewe haifungui umeme nusu nusu, inawasha na kuzima mara laki nne na zaidi kwa sekunde moja, alafu koili na kapasita za kutokea zinasafisha unabaki muziki. Zaidi ya asilimia 90 ya umeme inaenda kwenye spika. Kampuni ya Texas Instruments ina chipu inaitwa TPA3116, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, na bodi zake Kariakoo zipo, Nairobi pale Luthuli zipo, mitandaoni ndo usiseme. Bodi nzima inaingia mfuko wa shati. Inakubali kuanzia volti 5 hivi mpaka 26, na hapo ndo utamu wenyewe, maana haihitaji transifoma, inakula adapta ya laptopu.

Nani hana adapta ya laptopu iliyokufa nyumbani? Laptopu imekufa, adapta inakaa kwenye droo. Isome mgongoni, nyingi zimeandikwa volti 19 na ampia 3.42, zidisha unapata wati 65. Kwa volti hizo na spika za ohm 8 unapata kama wati 20 za kweli kila upande, na nikisema za kweli namaanisha za kweli, nitalirudia hilo. Umeme ukikatika unachomeka kwenye betri ya sola ya volti 12 bodi ileile inaendelea, nguvu inashuka mpaka kama wati 8 au 9 kila upande na sebuleni bado inatosha. Kitu kingine, kijana anayejifunza akifanya kazi kwenye volti 19 hata akigusa hatakufa, sio kama kufungua mashine ya zamani yenye umeme wa ukutani na makapasita makubwa yanayobaki na chaji hata ukishachomoa. Hizo msiwape watoto wafungue.

Ila kuna jambo moja kwenye hizi bodi naomba walishike, maana limeua nyingi. Waya hasi wa spika ya kulia na hasi wa spika ya kushoto HAZIUNGANISHWI, wala hazigusishwi kwenye boksi la chuma la mashine, wala kwenye hasi ya adapta. Kwenye redio nyingi za zamani hasi zote zilikuwa ni moja, fundi amezoea hivyo miaka yote, anaunganisha kwa mazoea alafu moshi. Kwenye hizi bodi pande zote mbili za waya zina umeme, kila spika iwe na waya zake mbili mpaka kwenye bodi, basi.

Lingine ni zile bodi zinazokuja na bluetuthi ndani. Zinarahisisha sana, lakini nyingi zina mlio kama mbu nyuma ya muziki, na watu wanadhani ni spika. Ni kwa sababu kile kipande cha bluetuthi kinakula umeme mmoja na amplifaya, kelele zake zinapita kwenye hasi zinaingia kwenye sauti. Kuna kidude kidogo kinaitwa B0505S kinatenganisha umeme wa volti 5, ukikiweka katikati mlio unakufa. Au achana na bluetuthi ya ndani kabisa.

Na mi kwa kweli naona bora kuachana nayo. Sio kwamba bluetuthi ni mbaya, ya siku hizi inafaa, ila simu ikiingia muziki unakatika, mtoto akiunganisha yake huko chumbani inakuwa vurugu. Chukua simu ya zamani iliyovunjika kioo kidogo, futa kila kitu, weka memori kadi ya nyimbo, iache hapohapo kwenye kabati na waya wa AUX, ndo redio yako mpya. Kama haina tundu la hedfoni vile viwaya vidogo vya USB vinavyogeuza vinafanya kazi nzuri kuliko bei yake. Anayetaka kwenda mbele zaidi achukue Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya Waingereza iliyotoka 2012, hata ile ndogo ya Zero 2 W iliyotoka 2021 kwa dola 15 inatosha sana. Unaiwekea bodi ndogo ya sauti yenye chipu ya PCM5102A, unapakia programu ya bure kama Volumio au moOde, inakaa kwenye wai-fai ya nyumbani na kila mtu anachagua wimbo kwa simu yake bila kuinuka. Nyimbo zako zote kwenye diski moja. Hapo umeshapita redio yoyote aliyokuwa nayo mzee.

Kuna wenzetu wanasema digitali haina roho, muziki ni santuri na kaseti. Siwaelewi vizuri, lakini sigombani nao, wanunue sindano zao. CD tangu 1982 inabeba sampuli 44,100 kwa sekunde na sikio langu halijawahi kulalamika. Kinachoharibu nyimbo zetu sio digitali, ni ile tabia ya kutumiana nyimbo WhatsApp, umetumiwa wimbo uliopunguzwa ukapunguzwa tena, matoazi yanalia kama mchanga kwenye sufuria, alafu unasema spika mbaya.

Ndo maana wenye kaseti za zamani nawaomba wazishike vizuri. Tanga hii ndo ilitoa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, ndo ilitoa Black Star na Lucky Star kwenye taarabu, na ziko kaseti kwenye makabati ya watu zilizorekodiwa harusini au redioni ambazo hakuna mwingine anazo. Ukipata deki nzima, badilisha mkanda wa raba, safisha hedi (kile kichwa kinachosoma utepe) kwa spiriti na pamba, alafu kuna kiskrubu kidogo pembeni ya hedi, kaseti ikiwa inapiga kizunguze kidogo sana huku unasikiliza, kuna mahali sauti nyembamba zitafunguka ghafla. Acha hapo. Sababu ni kwamba deki iliyorekodi na deki yako hedi zake hazikukaa pembe moja. Waya kutoka deki mpaka kompyuta, programu ya Audacity ni ya bure toka mwaka 2000, rekodi upande mzima, hifadhi kwa FLAC maana haitupi kitu. MP3 tengeneza baadae za kuweka kwenye simu.

Sasa nirudi kwenye wati, maana hili ndo linaniudhi kuliko yote na ndo linalofanya watu watupe spika za maana.

Mtu anaingia dukani anaona kartoni imeandikwa wati elfu kumi na mbili PMPO, anakumbuka spika za baba yake zimeandikwa wati 60, anajiona alikuwa anaishi gizani. Jamani. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampia 13, kwa volti 230 haiwezi kupitisha hata wati 3000. Wati elfu kumi na mbili zinataka ampia 52, ungechomeka hiyo kitu fyuzi ingekwenda kabla hujafika kwenye sofa. Geuza sabufa hiyohiyo nyuma, usome kwenye kibati chake imeandikwa inakula wati ngapi kutoka ukutani. Utakuta 40, utakuta 60. Kitu kinachokula wati 60 hakiwezi kukaa kinatoa hata 61. Hiyo PMPO ni namba ya kwenye kartoni tu, haina kipimo kimoja kinachojulikana, kila kiwanda kinajipigia hesabu yake.

Kuna duka moja, jina naliacha, nilimuuliza kijana wati za kweli za mashine aliyokuwa ananiuzia ni ngapi, akanijibu mzee hizi ndo za kweli si zimeandikwa. Nilimuonyesha kibati cha nyuma. Akaniangalia akaenda kwa mteja mwingine.

Na sio kwamba tatizo ni la kwetu peke yetu. Marekani ilipitia hukohuko, kampuni zilikuwa zinashindana kuandika wati za ajabu mpaka mwaka 1974 ile tume yao ya biashara, Federal Trade Commission, ikaweka sheria kwamba anayetangaza wati za amplifaya ya nyumbani azipime kwa utaratibu unaojulikana. Mwaka 2024 wakaikaza tena. Ni kitu kinachowezekana kumbe.

Alafu watu wajue wati zenyewe hazifanyi wanachodhani. Spika nzuri ya nyumbani ukiipa wati moja, moja tu, ukakaa mita moja mbele yake inatoa kama desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 86 mpaka 90. Viwandani kelele ikifika 85 kwa masaa nane wanaanza kuvalishana vifaa vya masikio. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, yaani kutoka 20 kwenda 40 jirani hatajua. Ili usikie imekuwa mara mbili inabidi uzidishe kama mara kumi. Kwa hiyo zile wati 20 za adapta ya laptopu, kwenye boksi kubwa la mbao, zitampita huyo wa elfu kumi na mbili wa kwenye kartoni kwa usafi na hata kwa besi ya kweli, maana besi inataka koni kubwa na hewa ndani ya boksi. Sabufa nyingi besi yake ni noti moja inayojirudia, dum dum dum, gita la besi la dansi linapanda na kushuka wewe unasikia dum.

Na stereo ni ya kukaa katikati, hilo limesahaulika. Injinia Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza yake 1931, wazo lenyewe ni kwamba masikio mawili yakiletewa sauti mbili tofauti kichwa kinajenga jukwaa. Lakini majumbani mwetu vispika viwili vimebanana kila upande wa TV, vingine kimoja kipo juu ya friji kingine kibarazani. Zitenganishe kama mita mbili, na wewe ukae mbali nazo kama hivyohivyo, twita ziwe usawa wa sikio, sio juu ya kabati wala chini ya meza yenye kitambaa. Hapa ndo ile alama ya chanya na hasi uliyoandika inafanya kazi, maana moja ikigeuzwa besi inapotea na sauti ya mwimbaji haijulikani iko wapi. Zikiwa sawa, hata wimbo wa mono (sauti ileile pande zote mbili) wa miaka ya 60 mwimbaji anasimama katikati kabisa ambapo hamna spika. Mke wangu mara ya kwanza aliuliza kama nimeweka spika ya tatu nyuma ya pazia.

Kwa hiyo Ndugu Mhariri maombi yangu ni haya. Gazeti lako lina waandishi wa biashara, watume waende kwa waagizaji wa hivi vyombo wawaulize kwa nini hawaandiki wati za kweli kwenye kartoni, na wawaulize pia wanaosimamia viwango kama hilo linaweza kuwekwa kwenye masharti. Pili mafundi redio wetu, ambao wengi wamefunga vibanda wamehamia kwenye simu, hii kazi ni yao, mtu analeta maboksi yaliyooza sponji anaondoka na stereo inayoshika simu yake, hapo kuna pesa. Mi sio fundi wa cheti, nimejifunza kwa kufungua, mwenye mikono anaweza.

Na kama kuna msomaji anajua duka la jumla linalouza ringi za sponji za inchi 8, Tanga au Dar, za kuaminika sio zile zinazochanika ukizigusa, aandike kwenye ukurasa huuhuu. Mtaani kwangu kuna majirani wawili wamekubali kuyarudisha maboksi ndani ila wanasubiri ringi, na huyo kijana wa mkokoteni anapita kila siku saa mbili.

Ni mimi msomaji wenu,
Tanga